Koili za Doti Nyekundu

Mbogo aligundua kwamba hofu inalipa kuliko ugonjwa akiwa ameketi juu ya debe, pale wanapoosha magari nyuma ya soko la Kitale, anatafuna hindi la kuchoma na hana shughuli yoyote ya maana duniani.

Mbele yake kulikuwa na Nimora nyeupe iliyogoma. Bonneti ilikuwa wazi, injini inatetemeka kama mtu wa homa, na fundi aliyekuwa ameinama ndani alitoa kauli ile ile ambayo mafundi wa Kitale wameitoa tangu magari hayo yaanze kumiminika kutoka Japani: "Ni koili. Inamisi."

Kwa asiyejua gari, nieleze mara moja tuendelee na safari. Injini ya Nimora ina koili nne, na kila koili imekalia plagi yake ikiipa moto. Zikichomwa na joto kwa miaka mingi, moja huchoka, na gari huanza kukohoa na kuburura miguu kwenye kila mlima. Huo ndio udhaifu wa Nimora, na haufichiki. Kuna kanisa moja hapa mjini ambalo limewahi kuuombea.

Mbogo hakujishughulisha na mwenye gari bovu. Huyo alikuwa tayari na fundi wake. Alimwangalia mwenye Nimora ya bluu iliyokuwa ikioshwa pembeni, gari zima kabisa, lisilo na kikohozi wala mafua. Mwenyewe aliitwa Ndung'u, mkulima wa mahindi kutoka Kwanza, na alikuwa amekunja uso kuliko yule aliyekwama.

"Sasa hata yangu itafanya hivi?" Ndung'u aliuliza, bila kumuuliza mtu.

"Yako ni ya mwaka gani, mzee?" Mbogo akadakia.

Ndung'u akamtajia mwaka.

"Ai," alisema Mbogo, na akatikisa kichwa taratibu.

Hiyo "ai" moja ilifanya kazi ya hotuba nzima. Ndung'u alisogea karibu. Mbogo akaweka gunzi chini, akajifuta mikono, akamweleza kwamba koili ni kama jino: ukingoja liume, utang'olewa ukilia. Mtu mwenye akili hubadilisha kabla. Hiyo inaitwa kinga, na yeye Mbogo, kwa bahati ya Ndung'u, kesho angekuwa na seti moja mpya ya Japani, iliyobaki.

Seti hiyo aliinunua jioni ile ile kutoka kwenye Nimora iliyogongwa na lori. Aliisugua kwa mafuta ya taa na mswaki, akaitia ndani ya boksi alilochapisha, lenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna Mjapani angeweza kuyasoma.

Kesho yake, alipomaliza kuzifunga kwenye gari la Ndung'u, ilikuja sehemu ngumu. Watu wa huku kwetu, fundi akibadilisha kitu, lazima wadai kile cha zamani. Hata ikiwa ni nati iliyooza, mtu ataibeba nyumbani aitie kwenye kopo, ajue hakuibiwa. Ni desturi nzuri, na ingemuua Mbogo kama asingekuwa na dawa yake.

"Hizo za zamani ni taka tu, mzee. Lakini kwa vile wewe ni mtu wa heshima, uniachie, nitakupunguzia."

Nitakupunguzia! Nimewaona watu wanaodai risiti ya pipi wakilegea kwa neno hilo. Ndung'u akaacha koili zake nne, nzima kama zilivyotoka kiwandani, na akaondoka akipiga mluzi.

Hapo ndipo ujanja wenyewe ulipoanza. Koili za Ndung'u zilioshwa, zikatiwa boksi, zikapelekwa Bungoma, zikauzwa kwa mtu mwingine mwenye hofu. Za huyo zikaoshwa zikarudi Kitale. Koili za Kitale zikawa mpya Bungoma, na za Bungoma zikawa mpya Kitale. Mbogo hakuwa na stoo wala mzigo, alikuwa na Nimora yake ya kijani, mfuko mmoja wa mgongoni, spana moja, na seti moja inayozunguka bila kuchoka. Ungemuuliza, angekwambia hajamwibia mtu chochote: kila mteja ana koili nne, nzima, za mwenzake. Yeye anaunganisha kaunti.

Usimdhanie kuwa mlafi tu. Mbogo alikuwa na ndoto, na ilikuwa na mlango wa kijani. Kilikuwa kiduka kidogo mkabala na stendi ya Kitale, mali ya mzee Rotich, aliyeahidi kwa mdomo kumshikia mpaka mwisho wa mwezi. Mbogo alikuwa amechoka kuwa mtu wa kutafutwa. Alitaka kuwa mtu wa kupatikana, akae nyuma ya kaunta, jina lake liandikwe juu ya mlango, na watu wakitaka spea waseme "twende kwa Mbogo". Kila alichopata alikiweka kwa ajili ya mlango huo. Wakati mwingine alipita pale akaugusa tu.

Basi akafika kwa Waithera, ambaye soko zima humwita Mama Ciru.

Waithera aliuza viazi na mahindi kwa gunia, na alikuwa mwenyekiti wa chama cha kina mama waliokuwa wamenunuliana Nimora kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akawa na yake. Alimsikiliza Mbogo na jino lake na kinga yake bila kumkatiza. Kisha akasema, "Sawa, badilisha. Lakini za zamani nataka mkononi."

"Mama Ciru, ukiniachia nitaku..."

"Si nimesema mkononi?"

Mbogo alibadilisha. Na kwa kuwa koili za mama huyu zilikuwa nzuri ajabu, laini, hazina hata mkwaruzo, aliona dhambi kuziacha. Mfukoni alikuwa na nne za maonyesho, zimekufa kabisa, zile alizokuwa akizitoa kuwatisha watu. Akainama, akafanya mchezo wa mikono, na akamkabidhi Waithera hizo mbovu.

Waithera alizipindua moja moja, akazitazama chini ya kichwa cha koili. Akazifunga kwenye gazeti, akalipa.

"Asante, kijana yangu. Mungu akulipe."

"Amina," Mbogo akaitikia, neno ambalo baadaye alilijutia sana.

Alipokuwa akiziosha, Mbogo aliona kwamba kila koili ya Waithera ilikuwa na kidoti chekundu chini ya kichwa. Alikisugua kwa mafuta ya taa, hakitoki. Akadhani ni rangi ya kiwandani, akaziweka kwenye boksi.

Aliyezinunua alikuwa Nasambu, afisa wa kilimo aliyestaafu, mwenye duka la mbegu na mbolea mjini Bungoma. Ni mwanamke ambaye miaka mingi ya kuwakagua wakulima ilimfundisha kutoamini neno la mtu mpaka aone gunia limefunguliwa.

"Papa," alisema, kama kina mama wa kwao wanavyowaita vijana, "hii gali yangu inaenda mzuri tu. Sasa nibadirishe kitu haijaharibika kwa nini?"

"Madam, ndiyo inaitwa kinga."

"Na nitajuaje si feki?"

Mbogo alitafuta jibu, na jibu lilikuwa mkononi mwake. Akaipindua koili. "Unaona hiki kidoti? Doti nyekundu ni alama ya kiwanda. Kule Japani wanaiweka kwa zile za daraja la kwanza pekee. Feki haina doti, bana. Hawawezi."

Uongo huo aliutunga hapo hapo, kati ya pumzi na pumzi, lakini ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwenyewe aliupenda. Nasambu aliipeleka koili kwenye mwanga, akakiona kidoti, akanunua, na kwa sababu ya punguzo akaziacha zake. Mbogo alipofika kwenye gari lake alikuwa ameanza kuuamini. Kabla ya juma kuisha, simu zilikuwa zikiingia kutoka Bungoma yote: "Niaje, ni wewe uko na zile za doti nyekundu?"

Kisha Waithera akapiga simu.

"Mbogo, hizo koili zako zimenipendeza. Chama chote kinataka."

"Mama Ciru! Mungu ni mwema."

"Wakati wote. Sasa sikiza. Tunataka siku moja, Jumapili baada ya kanisa, gari zote pamoja, ndiyo mtu asicheke mwenzake ati yeye hajawekewa. Na ziwe za doti nyekundu. Tumesikia ndizo za ukweli."

Mbogo aliweka simu chini, akacheka peke yake, halafu kicheko kikakauka. Kwa maana hata ujanja wake ulikuwa na udhaifu wake unaojulikana: ulikuwa na seti moja. Ili uweke za Bungoma lazima kwanza utoe za Kitale. Ukiambiwa gari zote siku moja, utatoa wapi seti ya kila mmoja? Alizunguka chumba chake. Kukataa asingeweza. Oda hiyo moja ndiyo ilikuwa mlango wa kijani, na funguo zake, na rangi ya kuandikia jina.

Siku ya pili yake, Nasambu naye akapiga. Shemeji yake amevuka mpaka pale Lwakhakha na katoni nzima ya vitu vya Nimora, lakini ni mtu wa ng'ombe, hajui ni nini. "Ni kama zire zako, papa. Ziko na ka-doti."

Mtu mwingine angejiuliza mbona bahati imekuja mbio hivyo. Mbogo alijiuliza pia, kwa muda wa kufunga kamba za viatu.

Jumapili asubuhi alikuwa Bungoma. Katoni ilikuwa juu ya magunia ya mbolea dukani kwa Nasambu. Akatoa koili moja: safi, inang'aa. Akaipindua. Doti nyekundu, chini ya kichwa, mahali pale pale. Mbogo alikuwa ameona feki za kila namna maishani mwake, na nyingi alizitengeneza mwenyewe, lakini alijua kwa hakika kwamba siri ya mahali pa doti ile ilikuwa na watu wawili tu duniani: yeye na Wajapani. Hakukumbuka kuwa alikuwa ameitangaza Bungoma nzima.

Alizijaribu nne kwenye gari la Nasambu lililokuwa limelala baridi uani. Liliwaka, likanguruma vizuri, hakuna kukohoa. Akalipa. Zilikwenda pesa zote za mlango wa kijani, na hazikurudi hata za chai.

"Na yako?" Nasambu akauliza, akinyooshea kidole Nimora ya kijani ya Mbogo. "Hujaiwekea?"

Mbogo alitabasamu. Hakuwahi kubadilisha koili hata moja kwenye gari lake. Lilikuwa linakwenda, na yeye alikuwa na akili zake.

"Wamama wa Kitare watakuuriza, papa. Utasema nini? Mtu anauza chakula na yeye hakuri?" Nasambu akamkaribia, akashusha sauti. "Weka seti moja. Zire za zamani uniachie, nitakupunguzia."

Neno hilo lilimwingia Mbogo sikioni likiwa na sauti yake mwenyewe, na bado hakushtuka. Punguzo ni punguzo. Akabadilisha, akapewa noti mbili za kumfikisha nyumbani, akaacha koili zake kwenye kaunta, akaondoka akipiga mluzi kama Ndung'u.

Alipita Webuye akiimba. Misikhu, gari likakohoa. Akajifanya hakusikia. Kamukuywa, likakohoa tena, likatetemeka, likalala kando ya shamba la mahindi.

Mbogo akafungua bonneti kwa utulivu wa mtu mwenye katoni nzima ya spea nyuma. Akatoa nne, akaweka nne. Likawaka! Likaenda kidogo, likalala. Akaweka nne nyingine. Likaenda, likalala. Alifika Kiminini kwa mtindo huo, anaungua vidole, shati la Jumapili limekuwa kitambaa cha fundi, na kila alipofika mahali watu waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kumhesabia.

Mwisho akampigia Waithera.

"Mama Ciru, nimepata shida kidogo Kiminini. Hizi koili..."

"Ziko na doti?"

"Ziko."

"Basi ni za Japani. Wewe ndiye ulisema. Usijali, tunakuja."

Wakaja. Nimora moja nyuma ya nyingine, taa zimewashwa kama msafara wa arusi, kina mama ndani wamevaa vitenge vya sare. Hakuna gari hata moja lililokohoa. Na kutoka upande wa Bungoma, polepole, ikaja Nimora ya Nasambu, ikaegesha.

Waithera alishuka, akasimama mbele ya bonneti iliyo wazi. Akainua mkono wake. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, nyekundu ile ile.

"Ciru wangu ana saluni," alisema. "Kichupa cha rangi kikibaki, mimi naweka alama vitu vyangu. Betri, jeki, hata sufuria za kanisa. Mafundi wa Kitale nawajua, Mbogo, kabla wewe hujazaliwa. Uliponipa zile mbovu niliona hazina alama. Nikanyamaza, nijue zangu zimeenda wapi."

"Mimi ndiye nirimwambia," Nasambu akaingilia, anacheka tayari. "Nirienda Kitare kuchukua mahindi kwake. Nikafungua bonneti nimwonyeshe koiri zangu za Japani. Nikamwambia, ona doti! Mayi, huyu mama aricheka mpaka akakaa chini."

"Niliona kucha zangu," Waithera akasema. "Ziko Bungoma, zimekuwa za kiwanda."

Mbogo alitazama katoni. "Na hizi?"

"Hizo tuliokota kwa mafundi. Zikiwa baridi zinafanya kazi, zikipata moto zinalala. Doti tulipaka sisi, chama chote, tukinywa chai."

"Pesa yangu..."

"Yako?" Waithera hakupandisha sauti. "Ndung'u amerudishiwa yake. Na wale wengine wote. Na Nasambu."

"Nitaenda kwa polisi."

Kina mama wakaangua kicheko. "Nenda," alisema mmoja wao kutoka dirishani, "uwaambie uliuziwa nini, na ulikuwa unapeleka kwa nani."

Mbogo alikaa kwenye nyasi. Si koili zilizomuuma, wala kicheko. Alikuwa anaona mlango wa kijani, na mtu mwingine akiufungua. Machozi yalimlengalenga, akasingizia moshi.

"Kwani kinga ni mbaya, Mama Ciru?" aliuliza, kama mtu anayetaka angalau ashinde hoja moja. "Koili za Nimora si zinakufa kweli?"

"Zinakufa. Kinga si mbaya. Nunua moja nzuri, weka kwa buti ya gari, na zile zinafanya kazi uziache zifanye kazi. Hiyo nayo unahitaji kuambiwa?"

Walimwacha na maji ya kunywa na sambusa mbili, maana walikuwa watu wa kanisa. Trekta iliyokuwa ikirudi kutoka kuvuna ndiyo iliyomburuta mpaka Kitale, mchana kweupe, kupitia katikati ya mji.

Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Mbogo alikwenda kwa Rotich kumwomba muda, akaukuta mlango wa kijani uko wazi. Juu yake, kwa herufi nyekundu ambazo bado zilinuka rangi, kuliandikwa: DOTI NYEKUNDU SPEA. Ndani, Waithera alikuwa nyuma ya kaunta. Ciru alikuwa na kichupa na brashi, anapaka kila koili kabla haijauzwa, ili mteja akiirudisha wajue ni yao. Uongo wa Mbogo ulikuwa umepata kazi ya halali, tena yenye mshahara.

Alitamani kugeuka. Lakini gari lake lilikuwa limelala majuma hapo stendi, pale trekta ilipoliacha, na bila gari hakuwa na kitu.

"Nataka koili," alisema.

"Za Nimora?" Waithera akauliza, kama hamjui. Akatoa boksi. "Hizi zilitoka Bungoma. Mwenyewe aliziacha. Tumezisafisha kwa mafuta ya taa."

Mbogo alizitambua. Zilikuwa zake, zile asizowahi kuzigusa, sasa kila moja ina kidoti. Aliwahi kuuza vitu vya watu kwa watu, lakini kununua vyake mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza. Akalipa. Alizifunga pale nje, gari likawaka bila kusita, akarudi ndani, akaweka zile alizotoa juu ya kaunta, akaosha mikono.

"Na hizo ulizotoa," Waithera akasema, "niachie, nitakupunguzia."

Mbogo alijifuta mikono. "Hapana, Mama Ciru. Nataka mkononi."

Waithera akamtazama, akazifunga kwenye gazeti, akampa.

Nje, mzee mmoja alikuwa ameegesha Nimora yake na kusimama kando yake, amekunja uso. Alimwona Mbogo na gazeti lake.

"Kijana, ati koili za hii gari zinakufa?"

"Zinakufa, mzee."

"Ai. Na yangu haijasumbua. Nibadilishe ama?" Akalitazama gazeti. "Hizo ni za doti?"

Vidole vya Mbogo vilikuwa vimeanza kulifungua gazeti vyenyewe. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini, jino na kinga na Japani, na mzee alikuwa amesogea karibu kabisa. Nyuma yake mlango wa kijani ukalia, na mtu akakohoa kidogo, kikohozi cha mama wa kanisa.

Mbogo akalikunja gazeti tena.

"Hizi ni taka," alisema. "Kama haijasumbua, usibadilishe. Ingia hapo ndani, ununue moja tu, uweke kwa buti."

Mzee alimpima kwa macho kutoka viatu mpaka kichwani. "Na wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu."

Mzee akatikisa kichwa, akakumbatia mfuko wake wa pesa kwa mikono miwili, na akampitia Mbogo kwa mbali kuelekea mlangoni.